Chumvi ya Maembe ya Mama

Harufu ya embe bichi na chumvi ya mawe hunirudisha mtaani kwetu Gerezani, kwenye ua wetu wa nyuma, msimu wa maembe nilipokuwa na miaka tisa. Mama alikuwa akitengeneza achari ya kuuza Kariakoo. Jioni tulikata maembe, tukayamwagia chumvi kwenye beseni, tukafunika. Asubuhi vipande vilikuwa vimenywea, vinaelea kwenye maji ambayo hakuna aliyeyatia. "Kitu chenye chumvi hakiozi," Mama alipenda kusema. Nami nilimwamini Mama kwa kila jambo.

Msimu huohuo mdogo wangu Zuhura, hajatimiza hata miaka miwili, alishikwa na kuhara. Mama alitoka mbio kutafuta bajaji ya kutupeleka hospitali, akaniagiza akiwa mlangoni: "Mchanganyie maji. Lita moja, sukari vijiko sita vya chai, chumvi nusu kijiko tu. Umenisikia?" Nikaitikia, "Nimesikia, Mama." Kusikia nilisikia, ila ujuaji ulinizidi. Nusu kijiko kitamlinda nani? Nikachota konzi nzima. Zuhura alikunja uso, nikambembeleza, "Kunywa mpenzi, upone," akanywa kidogo kidogo kwa sababu ni mimi niliyempa. Mama aliporudi, macho ya mtoto yalikuwa yameingia ndani. Hatukufika naye hai.

Watu walisema ni kazi ya Mungu, haina makosa. Mama hakutengeneza achari tena, akauza vitumbua. Nilikuwa kidato cha pili mwalimu wa baiolojia alipotumbukiza kipande cha kiazi kwenye maji ya chumvi. Kilitoka kimelegea tepetepe. Akatueleza osmosisi: utando wa seli hupitisha maji na kuizuia chumvi, na maji huuvuka kufuata upande wenye chumvi nyingi. Wenzangu waliandika. Mimi niliona beseni letu, kisha tumbo la Zuhura. Kumbe nilidhani nampa maji, nami namnyang'anya! Majuto ni mjukuu, na wangu sijui nimpeleke wapi.

Siku hizi maduka ya dawa ya Kariakoo yanauza pakiti za chumvi na sukari zilizopimwa tayari. Binti yangu akihara naipasua moja, nachanganya na maji, naonja kwanza. Juzi nilimtembelea Mama, nikajikaza. "Mama, yale maji ya Zuhura, siku ile…"

Hakuinua macho kwenye unga aliokuwa akiukoroga.

"Niliyaonja, mwanangu. Nikakiosha kikombe kabla baba yako hajarudi."