Muvi ya Jamaika Ambayo Baba Hakuimaliza

Jana mtu aliunguza bisi kwenye maikrowevu pale kazini kwetu, Champlin hapa Marekani, na harufu ile ikanirudisha moja kwa moja kwenye kochi letu la Saint Louis Park, nilikokulia. Nilikuwa nimesimama tangu alfajiri, miguu inawaka, sina hata nguvu ya kulalamika. Nikakaa tu nikaivuta.

Nilipokuwa na miaka minane, baba aliunguza bisi namna hiyo kila Jumapili baada ya kanisa. Hakujifunza ng'o, na Anko Njoroge hakuchoka kumcheka. Anko hakuwa ndugu yetu wa damu. Walikua pamoja na baba kule Nakuru, wakaja Marekani wakifuatana, wakapata kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba moja. Muvi yao ilikuwa moja tu: majambazi wa Jamaika, marafiki wawili wa mtaa mmoja, mmoja mwembamba, mwingine ana jino la dhahabu.

Ujanani baba alikuwa mtafsiri kwenye kibanda cha video, wale wanaoshika kipaza sauti na kuwapa majambazi wa Kizungu majina ya Kikuyu. Basi alizima sauti ya televisheni akaanza. Kile Kiingereza cha Jamaika hakukielewa hata neno, jamani, alikuwa anabuni tu! Mwembamba alikuwa yeye. Jino la dhahabu ni Njoroge. "Njoroge, shika bunduki vizuri, hiyo si mwiko!" Tulicheka hadi mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini.

Hawakuimaliza hata siku moja. Shifti yao ilianza saa tisa, kwa hiyo polisi walipokuwa wakimkalisha mwembamba kitini na kumuuliza mwenzake yuko wapi, wao walikuwa wanatafuta makoti. "Tutaimaliza Jumapili ijayo," Anko alisema kila mara.

Kisha akaacha kuja. Nilisikia vipande vipande nikiwa nyuma ya mlango wa jikoni. Anko alikuwa amepiga dabo, shifti mbili mfululizo, akasinzia kitini, na mzee mmoja akaanguka akavunjika nyonga. Meneja akamwita baba, akamuuliza kama rafiki yake alikuwa amelala. Baba akasema kweli. Anko akafukuzwa kazi, akahamia jimbo lingine, na kabla ya kuacha kabisa kushika simu za baba akamtumia ujumbe mmoja: kikulacho ki nguoni mwako.

"Si ungesema tu hukuona, Baba Wanja?" mama alimuuliza.

"Mzee wa watu alikuwa sakafuni, Mama Wanja. Ningesemaje?"

Baba aliendelea kuiweka ile muvi. Ikifika pale kwa polisi aliizima, ingawa Jumapili hakufanya kazi tena. Siku moja nilimlilia, kwa Kiingereza maana Kiswahili nilikuwa nakisikia tu, kwamba nataka kujua kama mwembamba alimtaja mwenzake. Akaniambia niende nje nikacheze, na ilikuwa Januari, theluji hadi magotini. Nilimkasirikia sana. Nilidhani anaogopa damu.

Sasa mimi ni nesi, na uchovu ule naujua. Unaweza kusinzia umesimama. Mwezi uliopita niliitafuta muvi nikaitazama mpaka mwisho. Mwembamba anamtaja. Jino la dhahabu anakuja mlangoni kwake, anamkumbatia, halafu anampiga risasi. Nililia kama mtoto. Ndipo nilipoelewa baba alikuwa anazima nini miaka yote ile, na nikamwonea huruma ambayo nilipaswa kumwonea nikiwa na miaka minane.

Nikampigia, nikamwambia nimeimaliza.

"Yule Njoroge," akauliza, "alimsamehe mwenzake?"

Hadi siku ile nilikuwa sijawahi kumdanganya baba.

"Ndiyo, Baba. Alimsamehe."

"Haya," akasema taratibu. "Afadhali yeye."