Hodi Kumi na Tatu za Mama Kunde

Saa mbili asubuhi, Mama Kunde anaingia kwenye chumba cha ushonaji, anasalimia, kisha anakaa kwenye kigoda chake kwenye pembe, nyuma ya mlango. Miguuni anaweka makopo mawili matupu ya maziwa. Kwenye mfuko wa gauni lake mna kunde arobaini, amezihesabu nyumbani baada ya sala ya alfajiri.

Tangu hapo hamsemeshi mwenye duka mpaka jioni.

Hiyo ndiyo kazi yake. Anawaongoza wenye biashara ndogo, na siku ya kwanza huwa haongozi chochote, anatazama tu. Mtu akisimama mlangoni akaondoka, kunde moja inaingia kopo la kushoto. Akiingia ndani, inaingia la kulia.

“Nikianza kwa kusema, mwenye duka ananionyesha duka analolitaka yeye,” anaeleza. “Nikinyamaza, baada ya saa moja ananisahau. Hapo ndipo naliona lenyewe.”

Mshona viatu wa jirani amemzoea. Anachungulia na kumchokoza, “Mama Kunde, za leo za kupika au za kupanda?”

“Za kupika,” anajibiwa, “na kuni ni wewe. Nenda kaketi.”

Fundi mwenyewe hacheki. Ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, anashona mwisho wa chumba, uso ukutani na mgongo mlangoni. Ushonaji wake ni safi, hilo hata washindani wake wanakubali. Hata hivyo, tangu dada yake mkubwa afariki, miezi saba sasa, wateja wamekatika kama maji ya bomba. Mwenye nyumba amempa mpaka mwisho wa mwezi. Chumba kimeshapata mtu wa kuuza simu.

Cherehani ya marehemu iko palepale ilipokuwa, karibu na mlango. Juu yake kuna gauni la kijani lisilo na mkono mmoja. Utepe wa kupimia umening’inia kwenye mgongo wa kiti. Kila asubuhi fundi anaifuta, anaitia mafuta, anaitungia uzi mpya.

Saa tatu na nusu, mwanamke mwenye kitambaa cha bluu anasimama kizingitini.

“Hodi wenyewe!”

Mwisho wa chumba cherehani inanyamaza. Fundi hageuki. Anainamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya chumba cha pili. Chumba kinatulia. Mama Kunde anasema alisikia vinyweleo vikimsimama kwenye mikono, na nje jua lilikuwa kali.

Halafu mwanamke yule anarudi nyuma hatua moja, na nyingine, na kuondoka. Cherehani inaendelea.

Mama Kunde anamfuata mpaka barabarani. “Mbona huingii, mwanangu?”

“Nimekuta fundi ana mtu,” anasema mwanamke, akikumbatia kitambaa chake. “Yule aliyekaa hapo mlangoni. Nitakuja wakiwa wamemalizana.”

Mlangoni hapakuwa na mtu, kiti kilikuwa kitupu.

Siku nzima ikaenda hivyo. Hodi, kimya, kichwa upande, nyayo zikiondoka. Walioingia ni watatu tu, na hakuna aliyeleta kitambaa: jirani aliyetaka chenji, binti aliyeazima mkasi, na yule muuza simu, aliyekuja kupima kuta kwa futi yake bila hata haya.

Jioni Mama Kunde alimwaga makopo kwenye kanga yake. La kushoto, kumi na tatu. La kulia, nne.

Akahesabu tena. Nne. Akatoa zilizobaki mfukoni, zinazopaswa kuwa ishirini na nne. Zilikuwa ishirini na tatu. Kwa hiyo ile ya nne aliitia yeye, kwa mkono wake mwenyewe.

“Sijui niliitia saa ngapi, wala kwa ajili ya nani,” anasema. Halafu anaongeza taratibu, “Mungu anajua. Mimi ni wa kuhesabu tu.”

Si mtu wa kutishika upesi. Alikuwa na duka lake la vyombo, likamfia mikononi akiwa analitazama, na hajui mpaka leo lilianza kuugua siku gani. Ndiyo maana akabuni kunde. Kwa miaka sita amekaa kwenye maduka arobaini na moja. Tisa yamefungwa, na anayataja moja moja kama mtu anayewaombea marehemu wake. Posho anayopewa na umoja wa akina mama haifiki nusu ya kodi ya chumba anacholala.

Jioni ile alisogeza kigoda karibu na fundi.

“Mwanangu, leo watu kumi na watatu wamebisha. Umewajibu wangapi?”

“Wote wamejibiwa, shangazi.”

“Na nani?”

Fundi akageuka kukitazama kile kiti cha mlangoni. Mkono ukapanda wenyewe mpaka mdomoni.

“Miaka kumi na moja dada ndiye alikuwa anajibu,” akasema. “Yeye anakaribisha, anapima, anacheka na watu. Mimi nashona. Mtu akibisha, nasimamisha cherehani ili dada amsikie vizuri.”

“Na sasa unamsikia dada akijibu?”

“Kila siku.”

Mama Kunde hakubisha. “Haya. Anajibu, sawa,” alimwambia. “Mimi sikuja kugombana naye. Lakini wateja hawamsikii, mwanangu. Wanakusikia wewe ukinyamaza.”

Fundi alilia mpaka kanga ya Mama Kunde ikalowa begani. Kisha wakasimama, wakashika cherehani mbili, huku na huku, wakazibadilisha nafasi. Ya marehemu ikaenda ukutani. Ya fundi ikaja mlangoni, uso ukitazama barabara. Lile gauni la kijani Mama Kunde aliagiza limaliziwe mkono na kutundikwa nje, watu waone kazi.

Jumatatu iliyofuata Mama Kunde amerudi pembeni kwake na makopo yake.

“Hodi hapa!”

Ni yule wa kitambaa cha bluu. Mguu wa fundi unasimama. Kichwa kinaanza kulala upande. Mama Kunde ameshika kunde moja hewani, hapumui.

“Karibu,” anasema fundi, kwa sauti iliyokauka. “Karibu ndani, dada, karibu kiti.”

Jioni kunde za kulia ni saba, na walioingia ni saba. Mwenye nyumba ameongeza miezi mitatu. Mama Kunde anapanga kuwafundisha wanawake wawili kukaa kama yeye, maana magoti yake yamechoka, na maduka yanayoumwa ni mengi.

“Zimetimia, shangazi?” anauliza fundi.

“Zimetimia. Hakuna ya ziada.”

Fundi anainuka. Anatoka mpaka kizingitini, anatazama barabara upande huu na upande ule, kama mtu aliyesindikiza mgeni.

Halafu anarudi, anauchukua ule utepe kwenye kiti cha dada yake, na kwa mara ya kwanza anauvaa shingoni.