Poda ya Jiwe

Enzi zetu kule Tabaka, mtoto aliyetaka kuujua uso wa babake alingoja Sabato. Siku nyingine zote wachongaji wa mawe walirudi nyumbani weupe pe, kuanzia nywele hadi kucha. Jioni ukungu ukishuka ulisikia kikohozi kwanza, kisha ukaona macho mawili, kisha mtu. Hatukuogopa hata kidogo. Kilichomtisha mdogo wangu Kemunto ni Sabato yenyewe. Baba yetu, ambaye tulimwita Tata, akishaoga na kuvaa shati la kanisani, mtoto alijificha nyuma ya Mama akilia, akidhani mgeni ameingia. Tulicheka hadi mbavu zikauma.

Siku hizi sicheki. Kemunto ni mtu mzima sasa, ana kijana wake, na pumzi humwishia akitoka jikoni kwenda zizini tu. Kila nikimtazama utoto wetu unanijia, na haunijii vizuri.

Ulikuwa mtamu lakini, jamani. Tuliteleza kwenye lundo la vifusi vya machimbo tukiwa tumekalia magome ya mgomba, tukafika chini weupe kama wazazi wetu. Kisha tulicheza wafu. Tulilala mstari mmoja, macho wazi, kimya, hadi mmoja aitwe jina. Aliyeitwa aliinuka polepole bila kupepesa, na wengine tukatimua mbio. Nyumbani tulikuta ugali wa wimbi na chinsaga, mboga yetu chungu, na kila tonge lilikuwa na kitu kinacholia chini ya meno. Hakuna aliyeuliza. Watoto wa leo wakidondokewa na tone la chai wanataka shati lingine, na kuwatoa kwenye simu waende nje ni kazi ya kutoa jasho.

Mvua ikianza, Tata aliingiza mawe jikoni na kuchonga viboko na vifaru vyake kando ya moto. Moshi ulipanda, vumbi likashuka, na Kemunto alilala katikati. Vumbi lile laini Mama alilichuja kwa kitambaa na kulihifadhi kwenye mkebe. Ilikuwa poda ya mtoto. Akina mama wote wa mtaa wetu waliitumia, shingoni, kwapani, kifuani. "Vumbi la jiwe halina mdudu," Mama alituambia, naye aliamini hivyo kwa moyo wote. Kemunto alilala mweupe na ametulia mno, hata mara nyingine nilimwekea kidole puani nione kama anapumua.

Wanaume wa mtaa waliondoka duniani mmoja mmoja. Walipewa dawa za kifua kikuu, wakazimaliza, wakaendelea kukohoa. Watu walinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu, na majirani wawili wakaacha kusalimiana hadi leo. Zamu ya Tata ilipofika tulimtafuta adui kila mahali. Jiwe hatukulifikiria, maana ndilo lililotulisha.

Majuzi nilimpeleka Kemunto hospitalini. Daktari, kijana mpole, aliinua picha ya kifua dirishani.

"Mama, umechonga mawe miaka mingapi?"

"Sijawahi kushika hata patasi, daktari."

Aliitazama tena ile picha, akasoma jina pembeni kuhakikisha ni ya Kemunto. Kisha akatueleza taratibu kwamba vumbi likishakaa ndani ya mapafu halitoki. Dawa itampunguzia kubanwa tu. Akae mbali na vumbi, alisema, nasi tukaitikia kama watoto wa shule.

Enzi zetu patasi ililia ko, ko, na unga ulianguka miguuni pa mchongaji. Vijana wa leo wana mashine za umeme. Kazi ya Tata ya kutwa wanaimaliza kabla chai haijapoa, na wingu jeupe linapanda juu ya mapaa. Migomba ya Kemunto ni myeupe hata baada ya mvua. Momanyi, mwanawe, anafanyia kazi nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la mamake.

"Mwambie ahamie mbali," nilimsihi Kemunto.

"Huko mbali atatoa wapi umeme?" aliniuliza. "Na dawa yangu nitanunuliwa na nani?"

Basi yeye hufunga dirisha, akajilaza. Mashine ikinguruma, anakohoa. Ikinyamaza, anavuta mfuko wa dawa aone vidonge vimebaki vingapi.