Siku Duka la Ng'ambo Liliponipokonya Kitabu Jukwaani

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjasimuliwa na maadui zangu: ndiyo, ni mimi niliyesimama mbele ya wazazi wote wa shule yetu hapa Kitengela, nimeshika mashine ya kusomea vitabu, na ndani ya mashine hakuna kitabu.

Ilikuwa 2009, niko kidato cha pili, na shule ilikuwa inatafuta msomaji mmoja tu wa kutuwakilisha kwa mashindano ya kusoma kwa sauti kule Kajiado. Tulikuwa tumebaki wawili, mimi na Mumo, na Mumo alikuwa na riwaya ya karatasi iliyokunjika masikio kama mbuzi. Mimi nilikuwa na riwaya hiyo hiyo kwa mashine. Shangazi yangu anayefanya kazi ng'ambo alikuwa ameninunulia vyote viwili, mashine na kitabu, kwa duka la mtandaoni, akanitumia na onyo moja: nisiwashe netiwaki, inamaliza chaji. Mwezi mzima nikatii. Kila jioni nikamsomea kokoo (nyanya yangu, ambaye hataki hata sentensi moja irukwe, ukiruka unarudi mwanzo) mpaka nadhani hata ng'ombe wetu walijua nani ataolewa na nani.

Siku ya wazazi ikafika. Mumo akasoma vizuri, watu wakapiga makofi ya heshima, nikapanda mimi. Sasa, mtu mwenye akili angefungua ukurasa asome, lakini nilipoona wazazi wanavyokatolea macho hako kamashine nikalewa, nikakainua juu nikawatangazia kwamba hata waya hakahitaji, hata hapa Kitengela kanashika netiwaki, tazameni, na nikabonyeza.

Kakashika. Kakafikiria kidogo. Halafu kitabu kikaondoka (naapa, nikikiangalia hivi) na mahali pake yakaja maandishi ya Kiingereza kwamba duka halikuwa na ruhusa ya kukiuza, limekichukua, na mnunuzi atarudishiwa pesa zake. Nikabonyeza kila mahali. Nikakatikisa. Mtu huko nyuma akauliza kama kanahitaji kupulizwa, na uwanja mzima ukacheka, Mumo akicheka ameinama (nilimwona).

Mwalimu Mutisya, aliyekuwa anasimamia mashindano, akasema hakuna kitabu, hakuna kusoma, nikae. Kajiado ikawa inaniponyoka hivyo. Ndipo mwenyekiti wa wazazi, Mzee Parsaloi, mfanyabiashara wa ng'ombe, akainua rungu lake kidogo akauliza kitabu kimeenda wapi. Nikamweleza.

"Mlinunua ama mliazima?"

"Tulinunua, mzee."

"Halafu aliyekuuzia akaingia bomani kwako akachukua, bila hodi?"

"Hata mbwa hakubweka."

Watu wakacheka tena, lakini sasa walikuwa wanacheka upande wangu, na wazee wa mifugo wakaanza kunung'unika, mmoja akisema mtu akimrudia ng'ombe aliyemuuza sokoni, hata akiacha pesa mlangoni, huyo ni mwizi na atafuatwa nyayo mpaka kwake. Mzee Parsaloi akawanyamazisha.

"Na kichwani wamefuta?"

"Kichwani bado hawajafika."

"Basi soma huko, kijana, kabla hawajafika."

Mwalimu akachukua kitabu cha Mumo ili anikamate nikidanganya. Nikafunga macho, nikajifanya niko nyumbani na kokoo ananisikiliza kwa ule ukali wake, nikaanza. Ukurasa mzima neno kwa neno, na sauti za wahusika, na ulipoisha nikaingia unaofuata kwa sababu hakuna aliyeniambia niache. Nilipofungua macho, mwalimu alikuwa ameacha kufuatilia kitambo, kitabu kimefungwa magotini, anasikiliza tu kama wengine.

Kajiado nikaenda mimi, na kitabu cha Mumo (alinipa mwenyewe, muungwana yule, na yale maneno yangu ya masikio ya mbuzi nimeyafuta), nikarudi na kikombe ambacho siku hizi kokoo anawekea sukari.

Lakini nimeapa. Nikipewa kitu chochote tena, kabla sijakiinua juu mbele za watu nikijigamba ni changu, nitauliza kwanza ni nani mwingine bado ako na mkono ndani.