Stoyna wa Chumba cha Makoti

Siku ya kwanza Rangel alipomwona Stoyna, alinyang'anywa koti.

Ilikuwa Novemba, siku ukumbi wa mji ulipofunguliwa tena baada ya miaka minne ya matengenezo. Rangel alikuwa ameajiriwa kuangalia boila ya kupasha ukumbi joto. Alikuja kutoka kijijini na koti la ngozi ya kondoo la marehemu baba yake, bitana imechanika, na nia yake ilikuwa kuambaa na ukuta mpaka nyuma, asimame huko asionekane. Mlangoni alimkuta mwanamke mfupi, kilemba cha bluu kichwani, mkono kaunyoosha.

"Koti," alisema.

Rangel alinong'ona kwamba yeye si mgeni, ni mtu wa boila.

"Hata askofu amevua. Lete."

Alipewa kibati cha shaba chenye namba thelathini na saba. Aliporudi kulichukua koti lake, bitana ilikuwa imeshonwa, na Stoyna alikuwa ameshamgeukia mgeni mwingine. Rangel naye hakujua aanzie wapi kushukuru. Aliinamisha kichwa akaondoka. Tangu hapo alishukuru kwa njia aliyoiweza: kila asubuhi ya baridi, bomba la joto alilolifungulia kwanza lilikuwa la chumba cha makoti.

Stoyna alikuwa mjane, na binti yake ameolewa huko mji wa Ruse. Kabla ya matengenezo aliufagia ukumbi ule kwa miaka thelathini, na chumba cha makoti kwake kilikuwa cheo. Alikuwa na vyango mia mbili na arobaini, na aliwajua watu kwa makoti yao: nani amekonda, nani amefiwa, nani amenunua koti jipya huku viatu vinacheka. Yeye ndiye aliyempa Rangel jina la Ukuta, kwa vile alikosimama ndiko alikobaki, kimya. "Ukuta, umekula?" alikuwa akiuliza, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshamkatia kipande cha banitsa, mkate wa jibini.

Lakini ukumbi ulikuwa umeharibika. Kwa macho ulipendeza: dari ya mbao za nakshi, michoro ya zamani kuzunguka kuta zote, viti vya mbao tupu vilivyochongwa kufuata picha iliyopigwa enzi za mababu. Kwa masikio ulikuwa mateso. Kwaya ya mwalimu Kitan ilipoimba, neno la kwanza lilikuwa bado linazunguka darini wakati la tatu linatoka. Meya akihutubia, waliokaa nyuma walisikia mvumo kama wa nyuki ndani ya pipa. Waimbaji walilaumiana, wawili wakafikia kutosalimiana.

Na hakuna aliyeruhusiwa kugusa kitu. Jengo lilikuwa la urithi: si msumari, si gundi, si pazia juu ya michoro. Miaka mitatu ikapita hivyo. Mwishowe halmashauri ikaamua kwamba dawa isipopatikana kabla ya Pasaka, kwaya na mikutano vitahamia jumba la michezo, na ukumbi ubaki wa kutazamwa na watalii. Stoyna aliambiwa asihofu, kwa kuwa kule kuna chumba cha makoti kikubwa mara mbili, na atapewa yeye. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja na miezi minne afikie pensheni.

Februari, siku ya onyesho la kwaya, boila ilizimika. Kosa lilikuwa la Rangel: alisafisha chujio asubuhi akasahau kuifungua vali. Watu waliingia na makoti yao, kofia vichwani, wakitoa mvuke midomoni. Rangel alijibanza nyuma kwa aibu. Kisha kwaya ikaanza, na akasikia kila neno. Alisikia hata mwimbaji mmoja akivuta pumzi.

Mwalimu Kitan aliwatangazia watu kwamba baridi hukaza hewa, ndiyo maana sauti imetulia. Rangel aliwatazama watu: sufu, ngozi, manyoya, safu baada ya safu. Akageuka mlangoni. Stoyna alikuwa amesimama, mikono kifuani, anasikiliza, na nyuma yake vyango vyote vilikuwa vitupu. Macho yao yalikutana. Kila mmoja alijua kwamba dawa ni makoti, na kila mmoja akanyamaza.

Watu wakikaa na makoti, mwenye chumba cha makoti atakuwa na kazi gani? Rangel alitengeneza boila akafunga mdomo. Kunyamaza ilikuwa tabia yake tangu utoto na hakujawahi kumchosha. Safari hii kulimchosha.

Machi alikuja mhandisi wa sauti kutoka Sofia, msichana aliyeitwa Vihra, na mashine yake ya kupima mwangwi na mfuko wa maputo. Wastaafu sitini waliombwa waje kukaa vitini. Kila Vihra alipopasua puto, mlio wake ulizunguka ukumbini huku yeye akisoma namba na kutikisa kichwa. Alisema angetamani kufunika kuta, ila ofisi ya urithi haitakubali. Akauliza zamani ilikuwaje.

"Zamani watu walijua kuimba," mwalimu Kitan alisema.

"Zamani wewe ulikuwa hujaanza kuongoza," mzee mmoja akamjibu, wenzake wakacheka.

Vihra akaanza kufunga mashine. Rangel alitazama sakafu. Ndipo aliposikia hatua: Stoyna anaingia na rundo la makoti ya wastaafu mpaka kidevuni. Aliyatandaza juu ya viti vilivyo wazi, akarudi kuchukua mengine. Rangel alimfuata.

"Shangazi, acha," alimwambia kule ndani. "Pensheni yako."

"Kumbe Ukuta unaongea." Alimtupia makoti matano mikononi. "Nimefagia pale miaka thelathini, Rangel. Sitaki pawe pa kutazamwa tu. Beba."

Walipomaliza, Stoyna alimgeukia mhandisi. "Pasua sasa, binti."

Puto likapasuka, na mlio wake ukafa palepale, kama kokoto lililoangukia theluji. Stoyna alieleza bila kupaza sauti: zamani kulikuwa na majiko mawili ya kuni yasiyompasha joto hata paka, na hakuna aliyevua. Waliotengeneza ukumbi walirudisha viti vya kwenye picha ya zamani, wakasahau makoti ya watu wa picha hiyohiyo.

Ofisi ya urithi ilikubali, kwa kuwa ukuta haukuguswa. Baridi, watu wakae na makoti. Kiangazi, wanawake watatoa mazulia ya sufu masandukuni, yatandikwe kwenye fremu alizotengeneza Rangel, zinazojisimamia zenyewe hatua moja kutoka ukutani. Chumba cha makoti kilifungwa. Stoyna alipewa maua na barua ya shukrani. Binti yake alimtafutia kazi ya jikoni katika shule ya chekechea huko Ruse, amalizie miezi yake, ila alitakiwa aanze Jumatatu, na basi la Ruse lilikuwa Jumamosi tu. Kwaya ingeimba Jumapili.

Rangel alikimbilia kituoni na shati tupu, masizi mikononi, akamkuta ameshaketi dirishani. Alimpitishia kibati namba thelathini na saba, alichokiokota katika chumba cha makoti kilichofungwa. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, yakamtoka mawili tu: "Bitana ile."

"Imeshika?"

"Imeshika, shangazi."

"Basi rudi ukalivae," Stoyna alisema, basi likianza kuondoka. "Kesho wanaimba, na ukuta bila koti haufai kitu."