Mlango wa Sighvatur

"Vuta! Unavuta kama unamvua mtoto soksi."

Nikavuta. Kamba ilitoka kwenye mlango wa dereva, ikapita juu ya mapaja ya mzee Sighvatur aliyeshika usukani, ikaishia viganjani mwangu, na kila upepo ulipofyatuka kutoka bondeni ulitaka kuninyanyua kitini. Tulikuwa tunateremka mlima. Chini yetu ilijitokeza ghuba nisiyoijua: nyumba chache za mabati, gati, kanisa dogo. Nimeishi Aisilandi miaka mingi, lakini pwani ile ya mashariki nilikuwa sijafika. Mzee huyu alinikuta kando ya barabara nikiomba lifti, na hakuniuliza naenda wapi. Aliuliza kama mikono yangu ina nguvu.

Uharibifu wenyewe ulikuwa mdogo. Bawaba imepinda, madigadi imebonyea, mlango haufungi.

"Upepo?" niliuliza.

"Upepo."

Akakata kona mbili. Huku mtu hujifunza kuegesha gari pua ikitazama upepo kabla hajajua gia, na mlango hufunguliwa kwa mikono miwili. Wanaong'olewa milango ni watalii.

"Niliegesha nimeupa upepo mgongo," alisema hatimaye. "Mimi. Uani kwangu mwenyewe. Nikafungua kama mtu anayefungua kabati."

"Umesahau tu, Sighvatur. Kila mtu husahau."

"Basi usilitamke hilo neno mbele ya Ásgerður. Ndilo analolingojea."

Ásgerður ni binti yake. Angefika kesho yake kutoka mji mkuu kusaidia kondoo wakizaa. Wakati wa baridi mzee alisahau sufuria motoni mpaka jiko likawa jeusi, na binti akamwambia wazi: likitokea jingine, anachukua funguo za gari, na baba anahamia nyumba ya wazee. Shambani kwake bila gari hufikii hata mkate.

"Bonyeo la jiwe angelimeza," alisema. "La ng'ombe pia. Lakini mlango! Ataangalia mara moja tu, atajua kichwa changu kimefika wapi."

Niliikaza kamba.

"Sema ni wewe," alisema.

"Mimi nini?"

"Uliyefungua. Wewe mgeni, nani atashangaa? Nilikuachia usukani kidogo, ukasimama vibaya, basi. Sema tu. Nakuomba." Na mtu yule, mrefu mpaka kofia yake ilisugua dari, akaivua kofia hiyo. "Nakuomba, bwana. Sina mahali pengine pa kufia."

Nikasema sawa.

Gereji ilikuwa ya Ketill, mwanamume mnene mwenye ugoro puani, aliyekulia shamba jirani na la Sighvatur. Aliuchezesha mlango mara mbili, akasikiliza unavyolia.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," nilisema.

"Wewe? Hongera. Hata watalii wa Kijerumani siku hizi wameacha."

"Mgeni, Ketill, mgeni," Sighvatur alidakia haraka mno. "Nilimwambia shika, hakushika."

Ketill alimtazama. "Nilipokuwa mdogo niliuachia upepo mlango wa gari lako. Unakumbuka ulinifanya nini?"

"Nilikuzaba kofi."

"Mawili. Na huyu umemzaba mangapi?"

Mzee akatabasamu kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo. Ketill hakutabasamu. Alichukua nyundo, akaweka gogo nyuma ya bawaba, akagonga, akapima kwa jicho, akagonga tena. Madigadi aliisukuma kwa ndani kwa goti. Sighvatur alizunguka gari akipapasa rangi kwa kidole, akiuliza kila baada ya pigo: "Itaonekana? Kwa mtu asiyejua, itaonekana?"

"Kwa asiyejua, haitaonekana. Unyanyue kidogo ukifunga."

"Na Ásgerður akikuuliza?"

"Niliona nini mimi? Nimeona mgeni na gari."

Mzee alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, kisha akanishika na mimi, akaufunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Ulikubali. Alikuwa ananong'ona peke yake kama mtu aliyetoka kwa daktari na habari njema. Mimi nilibaki kwa kuwa basi langu lingepita hapo mchana.

Tukasimama langoni mwa gereji kumwangalia akiondoka. Gari lilifika njia panda, likasimama. Hakukuwa na gari jingine, wala kondoo. Taa ya ishara ya kulia ikaanza kuwaka na kuzima. Kulia ndiko mlimani, tulikotoka, kuliko na shamba lake. Lilibaki pale. Taa ikazimika. Ikawaka ya kushoto.

"Anafanya nini?" niliuliza.

Gari likakata kushoto polepole, likashika njia ya ufukweni, inayopita kanisa na kwenda kuishia kwenye mawe.

"Labda ana shughuli huko," nilisema.

"Huko kuna bahari."

Tulingoja ligeuze. Likazidi kuwa dogo. Ketill alianza kufuta mikono kwa kitambaa, akaacha kabla ya kumaliza, akatoa simu na kutafuta jina la Ásgerður kwa kidole chenye grisi.