Kisanduku Kilichomlilia Bibi

Mpaka leo bisi zikianza kupasuka kikaangoni, moja, kimya, ya pili, halafu zote kwa pamoja, mimi hutoka jikoni. Wajukuu hucheka. Wanadhani naogopa kuungua, nami nawaacha wadhani hivyo. Ninyi nitawaambia.

Nilikuwa binti mdogo, kijijini karibu na Mwazye, enzi za Mwingereza. Baba alikuwa amerudi kutoka vitani na saa ya mezani ambayo namba zake ziling'aa kijani gizani. Mafuta ya taa yalitoka mbali, Sumbawanga, na bei yake ilikuwa ya kuumiza, kwa hiyo tukishazima kibatari saa ile ndiyo ilikuwa taa yetu. Bibi, mama yake baba, alikuwa haoni vizuri tena, lakini ule ukijani aliuona. Basi akaichukua ikawa yake, ameifunga kwenye pindo la shuka lake mchana na usiku. Ilishaacha kutembea zamani, lakini nani alikuwa anamuuliza Bibi saa ngapi?

Ndipo akaja Mzungu na kisanduku. Karani wake, kijana wa Milanzi mwenye soksi ndefu na maringo, alitueleza kwamba ardhini kuna jiwe linaloweza kuwasha taa za mji mzima, na kisanduku kikilikaribia hulia. Kikilia panapigwa kigingi, na penye kigingi panachimbwa. Kwa jirani yetu Mzee Kalolo kililia kidogo tu, na ulezi wake wote ukaishia chini ya kifusi. Kwa hiyo siku kilipofika kwetu, mama alisimama mlangoni na rozari mkononi, anaomba kisilie. Baba alikuwa safarini. Majirani walijaa uani kutazama.

Shambani, kati ya matuta, kilisema ta, kikanyamaza, kikasema ta. Mama akashusha pumzi. Mzungu akainama, akaingia ndani mpaka kwenye kitanda alicholala Bibi, na kile kitu kikaanza kupasuka kama bisi. Kigingi kikapigwa mlangoni kwetu palepale. Tukaamriwa tutoke.

Bibi tulimtoa amejifunika shuka lake, tukamkalisha kwenye kigoda. Mzungu akarudi ndani na kisanduku. Kimya. Akatoka amekunja uso, akapita karibu na Bibi, kikalia. Akasogea mbali, kikanyamaza. Akarudi, kikalia tena.

Majirani wakarudi nyuma, wote. Hakuna aliyetamka lile neno. Mzee Kalolo alikuwa amezika mtoto mwaka ule, na jicho alilomtazamia Bibi sijalisahau. Pamoja na utoto wangu, nilijua bikizee akishaitwa mchawi hufanywa nini. Niliogopa, jamani, niliogopa.

Mama ndiye aliyewaza Bibi ametoka na nini mle ndani. Akapiga magoti, akafungua pindo, akaitoa saa na kuitupa majanini. Kisanduku kikaililia saa, kwa Bibi kikanyamaza. Mzungu akacheka mpaka akakohoa, akang'oa kigingi kwa mkono wake mwenyewe. Majirani nao wakacheka, Mzee Kalolo akiwa wa mwisho.

Kisha Mzungu akaacha kucheka, akasema jambo taratibu.

"Bibi, bwana anasema usilale na saa hii," karani akatafsiri. "Si nzuri kwa mwili. Anaomba aondoke nayo."

"Mwambie amekosa shamba langu, sasa anataka saa yangu," Bibi akajibu. "Nirudishieni."

Watu walicheka na kushangilia, nami nilikimbia kuiokota.

Bibi alikufa miaka michache baadaye, kwa uvimbe kifuani, pale alipokuwa akiilaza. Sisemi ni saa iliyomuua, sijui. Tuliifukia kichwani mwa kaburi lake, si chini sana, kama alivyotaka. Ukubwani ndipo nilipofahamu kwamba rangi ya namba zile ilikuwa na rediamu, madini yenye mionzi yaliyotoka kwenye jiwe lilelile lililokuwa likitafutwa. Yule mtu aliyetaka kutubomolea nyumba alitwambia ukweli mmoja, na huo ndio tulioucheka.

Kijani kile huchakaa, lakini kinachokiliza kisanduku hudumu karne na karne. Sasa nasikia wapimaji wenye visanduku wanapita tena huku Ufipa. Wakifika pale kaburini kisanduku kitalia. Kwa hiyo wajukuu nao itabidi niwaambie, wawepo wa kumweleza mwenye kigingi kwamba huyo ni Bibi, amwache.